Kete, Kitendawili na Aya: Jinsi ya Kufundisha Kusoma kwa Kuhoji na Kuandika Chuoni kwa Michezo

Kila muhula ukianza, wakufunzi wanaoingia kufundisha Stadi za Mawasiliano kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale. Nianze na mchezo gani? Darasa la watu themanini litachezaje? Wakimaliza kucheza, maandishi yanatoka wapi? Mkuu wa idara akipita dirishani akasikia kelele, nitamwambia nini? Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja, hatua kwa hatua, kama tunavyofanya hapa Tanga, ili uweze kuingia nayo darasani Jumatatu asubuhi.

Mwongozo huu ni wa kipindi kimoja cha saa mbili. Kipindi kikiisha, kila mwanachuo awe na aya moja aliyoiandika kwa mkono wake, yenye dai, ushahidi kutoka kwenye alichosoma, na maelezo yanayoviunganisha. Aya moja tu. Ukidai insha nzima siku ya kwanza utarudi nyumbani na rundo la karatasi lisilo na hoja.

Nadharia ni fupi. Wanachuo wetu wengi wametoka sekondari wakiwa hodari wa kukariri. Ukimpa kitini anakimeza, ukimpa asainmenti anakitema, na siku hizi wapo wanaoipeleka moja kwa moja kwa ChatGPT wakakuletea kurasa tatu safi wasizoweza kuzitetea kwa dakika moja. Usiwaite wavivu. Wengi hawajawahi kuulizwa "umeyatoa wapi hayo?" na mtu wa rika lao, papo kwa papo, mbele ya wenzao. Mchezo mzuri ni ule ambao kanuni yake ndiyo stadi yenyewe: huwezi kusogea bila ushahidi. Mchezo mwingine wowote, hata uchekeshe kiasi gani, utawachangamsha tu na insha zao zitabaki zilivyokuwa.

VITU VYA KUANDAA

Kifungu cha kusoma, kisichozidi nusu ukurasa, kila sentensi ikiwa na namba. Namba ni lazima. Bila hizo watu watabishana "pale juu" na "pale chini" mpaka kengele ilie. Toa kopi moja kwa kila watu wawili, inatosha.

Kete nane kwa kila upande. Komwe za bao ndizo nzuri zaidi, na wazee wanaocheza bao kwenye vijiwe vya Ngamiani watakuelekeza pa kuzipata. Ukizikosa, vifuniko vya soda vinafaa. Mwombe mama lishe wa jirani na chuo akuwekee.

Karatasi ya kumbukumbu, moja kwa kila meza, iliyopigwa mistari safu tatu: Dai, Sentensi namba, Hukumu.

Vipande vya karatasi vyenye aya fupi zilizoondolewa sentensi ya mada, yaani ile inayobeba wazo kuu la aya, kimoja kwa kila kundi.

Saa inayoonekana, au simu yako. Huhitaji projekta wala umeme.

Kuhusu kifungu chenyewe, chagua jambo la mahali penu ambalo kila mtu anadhani analijua. Hapa Tanga natumia mapigano ya Novemba 1914, yale ya nyuki, kwa sababu hakuna mtoto wa mjini asiyewahi kuyasikia, na wanaotoka Lushoto au Handeni wamesimuliwa na wenzao bwenini. Hiki ndicho kifungu, unaweza kukichukua kilivyo:

(1) Novemba 1914 jeshi la Uingereza lenye askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka Tanga. (2) Wajerumani na askari wao Waafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000. (3) Mapigano yakiwa yamepamba moto, nyuki walitoka mizingani wakawavamia watu. (4) Baadaye magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba nyuki wale walikuwa mtego wa Wajerumani. (5) Nyuki hao waliwauma askari wa pande zote mbili. (6) Waingereza walishindwa wakarudi kwenye meli zao. (7) Kwa hiyo ni nyuki walioishinda Uingereza Tanga.

Sentensi ya saba nimeiweka kwa makusudi. Haitokani na zile sita za juu, lakini imevaa "kwa hiyo", na msomaji asiye makini anaipitisha. Kila kifungu utakachoandaa kiwe na sentensi moja ya namna hiyo.

Mada ya pili inayofaa hapa ni mkonge: ulivyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kama uliineemesha Tanga au uliwaneemesha wenye mashamba. Siasa za vyama na masuala ya dini yaache mpaka darasa limezoea kanuni. Mambo hayo yanastahili kusomwa kwa kuhoji, ila siku ya kwanza watu watajitetea wenyewe badala ya kutetea hoja.

HATUA

1. Panga meza (kabla ya kipindi). Kila meza watu saba: watatu upande huu, watatu upande ule, mmoja mwamuzi. Darasa la themanini na nne ni meza kumi na mbili. Wapange wewe. Ukiwaachia watakaa kirafiki, na marafiki hawapingani. Kama madawati yamefungwa sakafuni, safu ya mbele igeuke iitazame ya nyuma. Mwamuzi mchague kati ya wale wakimya wanaosoma sana. Kazi hii inawapa kauli bila kuwalazimisha kupiga kelele.

2. Anza na kitendawili cha aya (dakika 15). Kundi moja linasimama na kipande chake: "Kitendawili!" Darasa: "Tega!" Wanasoma aya isiyo na sentensi ya mada, na wengine wanaitafuta. Mfano: "Asubuhi baiskeli zinajaa barabarani. Mafundi wanazitengeneza kila kona. Mzee wa miaka sabini anaendesha, na binti wa shule anaendesha." Mmoja atasema, "Tanga kuna baiskeli." Hiyo haitoshi. Mwingine atasema, "Baiskeli Tanga ni usafiri wa kila rika." Huyo amepata. Wakishindwa wanatoa mji, na aliyetega anasimulia alivyofika Pangani akala akashiba, ndipo anafumbua. Usiuruke mji. Wanaufurahia sana, na wakati wa kusubiri jibu ndipo wanapoanza kutofautisha mada na dai.

3. Wape kifungu wakisome kimya (dakika 15). Kila mmoja, akiwa na kalamu, aweke alama moja ya kuuliza penye shaka na mstari mmoja penye ushahidi. Usieleze kifungu. Ukieleza, mchezo umekwisha kabla haujaanza, maana watacheza na maneno yako badala ya maandishi.

4. Cheza kete (dakika 35). Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo soma kanuni hizi mara mbili kabla hujazitangaza.

Upande A unatoa dai kuhusu kifungu. Dai ni jambo ambalo kifungu kinasema au kinadokeza, kwa maneno yao wenyewe. Kurudia sentensi neno kwa neno ni marufuku. Upande B una chaguo mbili. Wakisema "Sawa", zamu inahama na hakuna aliyekula. Wacheza bao wangesema umetakata tu. Wakisema "Wapi?", A lazima wataje namba ya sentensi na waeleze kwa kinywa inavyolibeba dai lao. Mwamuzi anahukumu. Ushahidi ukibeba dai, A wanakula kete moja ya B. Usipobeba, B wanakula ya A. Kila dai lililoulizwa "Wapi?" linaandikwa kwenye karatasi ya kumbukumbu, safu zote tatu, kabla ya zamu kuhama.

Mezani inakuwa hivi:

"Tunadai Waingereza walikuwa na watu wengi mara nane."
"Wapi?"
"Ya kwanza na ya pili. Elfu nane, elfu moja."
"Kuleni," anasema mwamuzi.
"Haya, zamu yetu. Tunadai Wajerumani waliwatega nyuki."
"Wapi?"
"Ya nne hiyo hapo!"
"Mwamuzi, ya nne haisemi walitega. Inasema magazeti yaliandika kwamba walitega."

Hapo kwa kawaida meza nzima inainamia karatasi. Mwamuzi anaisoma upya kwa sauti, kidole juu ya neno "yaliandika". Dakika ile inafanya kazi ambayo mihadhara yangu juu ya chanzo cha habari haijawahi kuifanya: mtu ameona kwa macho yake tofauti ya "ilitokea" na "fulani kasema ilitokea", na imemgharimu kete. Usiingilie. Zunguka, sikiliza, andika madai mazuri pembeni mwa daftari lako.

Mezani huwa wanagundua sentensi ya saba wenyewe, baadhi mapema, baadhi zimebaki dakika tano. Meza isiyoigundua kabisa, pita uulize swali moja: "Hii ya saba imetoka ya ngapi?" Kisha ondoka.

5. Badilisha pande: amini, kisha shuku (dakika 15). Hatua hii msingi wake ni Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, aliyependekeza mwaka 1973 kwamba msomaji acheze michezo miwili juu ya wazo lile lile: kuliamini kwa dhati na kulishuku kwa dhati. Andika ubaoni sentensi ya saba. Dakika tano, meza zote zinatafuta kila sababu ya kuiamini. Dakika tano, kila sababu ya kuikataa. Kisha soma taarifa mpya ambayo haikuwa kwenye kifungu: siku mbili kabla ya mapigano makubwa, meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Fox ilitoa onyo mjini, na Wajerumani wakapata muda wa kuleta askari kwa treni kutoka Moshi. Dakika tano za mwisho: taarifa hii inabadilisha nini?

Wengi wetu tunaanza na kushuku, nadhani kwa sababu kushuku kunaonekana ndiyo usomi. Anza na kuamini. Mwanachuo aliyelazimika kutafuta nguvu ya hoja asiyoipenda anaandika pingamizi lililo sawasawa baadaye.

6. Andika sasa hivi, humo humo (dakika 30). Karatasi ya kumbukumbu iwe katikati ya meza. Kila mtu anachagua dai moja kutoka kwenye karatasi hiyo, hata lililoshindwa, na kuandika aya: sentensi moja ya dai, ushahidi pamoja na namba ya sentensi, sentensi mbili au tatu za kueleza kwa nini ushahidi unabeba au haubebi. Kimya. Simu ziwekwe mbele.

Aya ya kawaida kabla ya michezo hii inafanana na hii: "Nyuki walichangia sana Wajerumani kushinda kwa sababu nyuki ni wakali na waliwashambulia Waingereza." Baada ya mchezo, unaanza kupata ya namna hii: "Kifungu hakithibitishi kwamba nyuki ndio waliowashinda Waingereza. Kinatueleza kuwa waliuma pande zote mbili (sentensi ya 5), kwa hiyo madhara yao hayakuwa ya Waingereza peke yao. Sababu ya kushindwa inabidi itafutwe kwingine, kwa mfano muda ambao Wajerumani waliupata wa kuleta askari." Lugha inaweza kuwa na makosa. Hoja ipo, na hoja ndiyo uliyoitaka leo.

7. Someaneni (dakika 10). Kila mmoja anampa aya yake mtu wa upande wa pili. Msomaji anaandika chini jambo moja tu: "Hapa ningeuliza Wapi?" na mshale. Basi. Asisahihishe tahajia, asimwage sifa. Kusanya karatasi zote, pamoja na zile za kumbukumbu.

8. Nyumbani, aya ile inaandikwa upya kujibu mshale. Aya mpya inaletwa imebanwa na ile ya mkono. Atakayeleta kitu kisichohusiana na mshale wake utamjua papo hapo, na hutahitaji programu yoyote ya kukamata wizi wa maandishi.

MAKOSA YA KUEPUKA

Usitoe alama kwa ushindi. Alama ziende kwenye aya. Ukizipeleka kwenye kete, watu wataanza kutoa madai mepesi wasiulizwe, na hapo mchezo umekufa.

Usitumie karata wala zawadi ya fedha. Tanga ina familia nyingi ambazo karata kwao zina harufu ya kamari, na mwanachuo atakayekaa pembeni kwa sababu ya dhamiri yake umemkosesha somo bila sababu.

Usiupeleke uandishi kesho. Hili nalisisitiza kuliko yote. Muda ukibana, punguza kitendawili, punguza hata kete, lakini nusu saa ya kuandika ibaki. Hoja iliyotoka kubishaniwa ina joto. Ikilala usiku mmoja mwanachuo anarudi kwenye sentensi za kitini.

Usigeuke mwamuzi mkuu. Wakikuita "Mwalimu, hukumu!", waulize mwamuzi wao amesemaje na kwa sentensi ipi. Ingia tu kanuni inapovunjwa.

Usiwe na kifungu kirefu. Nusu ukurasa uliosomwa mara nne una faida kuliko kurasa sita zilizopitiwa.

LUGHA GANI?

Swali hili huulizwa na karibu kila mtu, kwa sababu masomo ya chuo yanafundishwa kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Msimamo wangu: wabishane kwa Kiswahili, waandike kwa lugha ya mtihani. Kifungu kinaweza kuwa kwa lugha yoyote kati ya hizo. Mtu anayetafuta neno la Kiingereza hana nafasi kichwani ya kutafuta ushahidi, na ukimlazimisha vyote kwa mpigo atanyamaza. Katika hatua ya 6 andika ubaoni vianzio vinne au vitano vya sentensi kwa lugha ya mtihani, vya kudai, kunukuu na kupinga, wavitumie kama ngazi. Baada ya vipindi vichache vifute kimoja kimoja.

IKIKWAMA

Mtu mmoja ameiteka meza. Weka kanuni kwamba aliyedai hawezi kudai tena mpaka wenzake wawili wamepita zamu. Akiendelea, mfanye mwamuzi. Mwamuzi haruhusiwi kudai.

Meza imenyamaza. Mara nyingi wanaogopa kuuliza "Wapi?" kwa sababu kuuliza kunaonekana ni kumvunjia mwenzako heshima, hasa kama mwenzako ni mtu mzima aliyerudi masomoni. Tangaza kanuni kwa darasa zima: katika zamu tatu za mwanzo, "Wapi?" ni lazima. Kila mtu akilazimika, hakuna aliyekosa adabu.

Wanagombana na mwamuzi. Wape haki ya rufaa moja kwa mchezo mzima. Rufaa inakwenda kwa mwamuzi wa meza ya jirani, anayesoma sentensi bila kusikiliza maelezo marefu.

Mchezo ulikuwa moto, aya ni baridi. Angalia karatasi za kumbukumbu. Karibu kila mara utakuta safu ya Hukumu ni tupu au imeandikwa "ndiyo" na "hapana". Kipindi kijacho waandike sababu ya hukumu kwa maneno matano. Maneno hayo ndiyo yatakayokuwa maelezo ya aya.

Darasa la jirani linalalamika kelele. Hatua ya 2 ndiyo yenye kelele; ifanyie nje chini ya mti, au iweke siku ambayo jirani hana kipindi. Mkuu wa idara akiuliza, mwonyeshe aya za kabla na za baada, za wanachuo wale wale, bila majina. Hatakuhitaji umweleze mengi.

Ni Ramadhani na kipindi chako ni saa tisa alasiri. Omba kubadilishana kipindi kiwe cha asubuhi. Ikishindikana, acha kitendawili, kete zichezwe dakika 20, na mjadala wa kuamini na kushuku ufanywe kwa maandishi mezani, karatasi ikizunguka.

Darasa limezoea, kete zimekuwa nyepesi. Wape vifungu viwili vinavyopingana juu ya jambo moja, na dai lolote lazima litaje vyote viwili. Baada ya hapo unaweza kwenda kwenye michezo ya wiki kadhaa, kama ile ambayo Mark Carnes wa Barnard College, New York, aliianzisha miaka ya 1990, ambapo kila mwanachuo anapewa nafasi ya mtu wa kihistoria, anasoma maandishi ya zama hizo, na anaandika hotuba ili ashinde kura. Kwa hapa kwetu nyuki wale wale wanatosha kwa kesi ya vipindi vitatu: mhariri wa London, ofisa wa Kijerumani, askari kutoka India, mkazi wa Tanga aliyekuwa na mizinga. Kila mmoja anaandika ushahidi wake wa ukurasa mmoja kabla ya kusimama, na asiye na karatasi hasemi.

Watu hawatimii saba. Meza ya watano inafaa, wawili kwa wawili na mwamuzi. Chini ya hapo waunganishe na jirani, waamuzi wawe wawili, na hukumu ipite wakikubaliana wote.